Leseni ya Mama Mkwe

Jina lake halisi lilijulikana na wachache. Mji mzima ulimwita Breki, na waliotaka kumwonyesha heshima wakaongeza Mama mbele. Alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa kiti cha abiria katika gari dogo la buluu lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, akifundisha watu kwa sauti iliyosikika nje hata vioo vikiwa vimepandishwa. Muuza nyama alikuwa amepita mikononi mwake. Daktari wa meno pia, na mkunga, na mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mwanawe. Wote hao aliwahi kuwakaripia kama watoto, na walipokutana naye sokoni walimwamkia vizuri huku wakitafuta pa kupitia.

Mji wenyewe ulikuwa wa wastani. Mtu hakuweza kuumaliza kwa miguu, wala hakuweza kupotea ndani yake. Reli iliukata katikati: upande mmoja hospitali, kiwanda cha sabuni na mtaa wa zamani wenye mabati yaliyopauka; upande wa pili shule, ofisi na mitaa mipya. Kila kitu kilikuwa karibu kiasi cha kumfanya mtu aseme "ni hapo tu", na mbali kiasi cha kumchelewesha. Kwa hiyo kila familia yenye watoto iliamka na maswali yale yale: nani yuko wapi, nani atamfuata nani, na gari analo nani.

Nyumbani kwa Breki maswali hayo yalikuwa mazito kidogo, kwa sababu mumewe hakuendesha. Alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini, mtu mpole wa maneno machache, aliyekwisha kuona mifupa ya nusu ya mji. Wenzake walimtania kwamba mkewe amefundisha watu wote isipokuwa yeye. Aliwajibu kwamba wamegawana kazi: mmoja anawapeleka barabarani, mwingine anawapokea hospitalini.

Basi Breki aliwabeba watoto katika gari la mafunzo, wakibanana na wanafunzi. Binti yao, kifungua mimba, aliyekuwa ameanza sekondari, alizoea kufanya kazi za shule kwenye kiti cha nyuma huku gari likizimikazimika. Mdogo wake wa kiume aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na wazazi walikuwa wameapa kwamba hapatakuwa na mwingine. Alikuwa darasa la kwanza, na alijua kusema "angalia kioo" kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alihamia kwao. Hakutoka mbali. Alitoka ng'ambo ya reli, mtaa wa zamani, kwenye nyumba aliyoishi tangu alipoolewa. Mwanawe ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema mama hawezi kubaki peke yake na nyumba yote ile, na kila mtu aliyekuja matangani aliitikia kwa kichwa. Mama mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Alifunga madirisha, akafunika gari la marehemu kwa turubai, akachukua begi moja.

Kwa Breki ujio huo ulikuwa nafuu kubwa. Alirudi kutoka kazini mchana akakuta chakula mezani, nguo zimekunjwa, na Kitinda amekwisha kuogeshwa. Yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kukwaruzana. Kwa kweli hawakuwahi kuongea pia, ukitoa shikamoo na marahaba, umeshindaje, na mvua itanyesha au haitanyesha. Walikaa pamoja kama wageni wawili wenye adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake kiti kizuri.

Baada ya miezi michache mama mkwe akaanza kutoka asubuhi. Alisema anakwenda kunyoosha miguu. Breki aliona ni jambo jema, mtu aliyefiwa apate hewa.

Muuza nyama ndiye aliyeleta habari. Siku moja alipokuwa akimkatia nyama aliuliza, bila kuinua macho, "Mama Breki, samahani. Mama mkwe wako ana udugu na Taratibu?"

Taratibu alikuwa mwalimu mwingine wa udereva hapo mjini, mgane wa makamo, mwenye gari jeupe na shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Aliitwa hivyo kwa sababu hilo ndilo neno pekee alilomwambia mwanafunzi, hata mwanafunzi akielekea mtaroni.

"Hana. Kwa nini?"

"Nimewaona mara mbili kwenye gari lake. Wawili tu. Wanacheka."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Muuza nyama alifikiri. "Sikuangalia usukani. Niliangalia nyuso."

Jioni Breki alimweleza mumewe chumbani, mlango umefungwa. Mume aliketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Baba hajatimiza mwaka," alisema.

"Mama ni mtu mzima."

"Lakini Taratibu? Wewe mwenyewe ulisema anafundisha watu kama anawabembeleza."

"Nilisema hivyo kuhusu mwalimu. Kwa mchumba huenda likafaa."

Mume hakucheka. Walikubaliana wasiulize kitu. Kwa wiki kadhaa walinong'ona wao kwa wao, mpaka binti yao, ambaye alikuwa ameshasikia shuleni, alipowauliza mezani, bibi akiwa jikoni, kama harusi za watu wazima huwa na wasimamizi. Baba yake alimwambia ale.

Ukweli ulijulikana kwenye uwanja wa majaribio. Ulikuwa uwanja wa saruji iliyopasuka nyuma ya kituo cha polisi, wenye koni za rangi ya chungwa na benchi refu chini ya kibanda cha bati. Breki alifika na wanafunzi wake watatu, akawapa maneno ya mwisho, kisha akageuka kutafuta kivuli. Mwishoni mwa benchi, mkoba magotini, namba ya mtihani imebanwa kifuani kwa pini, alikuwa ameketi mama mkwe wake. Alikuwa amevaa viatu vya raba vya mjukuu wake wa kike.

Walitazamana.

"Shikamoo, Mama," alisema Breki, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa tayari mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Umeshafika?"

"Nimefika."

Taratibu alisimama karibu na nguzo akikagua kola ya shati lake. Alimsalimia Breki kwa upole, akasema jua ni kali leo.

Mama mkwe aliitwa. Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akarekebisha vioo vyote vitatu, na hata Breki, aliyesimama akiwa amekunja mikono, alikiri moyoni kwamba mwanzo ni mzuri. Aliondoka bila gari kustuka. Alizunguka uwanja, akasimama kwenye mstari, akapanda kilima kidogo cha saruji na gari halikurudi nyuma. Kisha akaambiwa aegeshe kwa rivasi. Hapo aliangalia kioo kimoja, akasahau kingine, akaiangusha koni ya kwanza, akasita, akaiburuza ya pili. Mkaguzi, kijana aliyefundishwa na Breki miaka ya nyuma, aliandika kitu na kumfungulia mlango kwa heshima. Mama mkwe alikuwa ameanguka mtihani.

Alirudi kwenye benchi akatoa namba kifuani taratibu, ili pini isichane nguo. Uso wake haukuonyesha kitu. Alipewa lifti na Breki, wanafunzi wakirudi na Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kupanda gari moja na hao wawili.

Njiani, walipovuka reli, Breki aliuliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Mimi ndiyo kazi yangu. Mji mzima unakuja kwangu, wewe unakwenda kwa Taratibu."

"Nimekuona unavyofundisha."

"Nafundishaje?"

"Mwanangu, mimi nakaa kwako. Nalala chini ya paa lako. Unikaripie saa nne mbele ya soko, halafu saa moja jioni tukae meza moja unipakulie mchuzi? Wewe ungeona haya, na mimi ningeona haya. Nikaona bora nikakaripiwe nje." Aliitia namba ya mtihani mkobani. "Taratibu hakaripii kabisa. Hilo ndilo lililoniangusha."

Nyumbani mume alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kwanza alifurahi sana kwamba hakuna mchumba. Kisha akakumbuka picha zote alizowahi kupiga za watu waliogongana, akakaa.

"Umri huu, Mama? Unataka kwenda wapi?"

"Mahali popote," alisema mama yake, akaenda kuangalia chungu.

Breki alisema atamfundisha yeye. Alisema hivyo kwa sababu ya heshima, na kidogo kwa sababu ya Taratibu.

Somo la kwanza lilikuwa baya kuliko yote aliyowahi kutoa. Mama mkwe aliketi kwenye usukani, Breki kando yake, na sauti iliyokuwa ikivuka vioo kwa miaka yote ile haikutoka. "Mama, tafadhali, ukiweza, punguza kidogo," alisema, pale ambapo mtu mwingine angesikia neno moja tu. Walikaribia mzunguko mkubwa ambao manispaa ilikuwa imeupanda maua. Gari lilikwenda kasi. Breki aliona litatokea nini, akaweka mguu juu ya breki yake, lakini hakuikanyaga. Alifikiri kwamba kumkanyagia mkwe breki ni kumwambia hajui. Alipokuja kukanyaga, magurudumu mawili ya mbele yalikuwa ndani ya maua.

Walikaa wakisikiliza injini ikipoa. Watu wawili watatu walisimama, wakamtambua Breki, wakaendelea na safari zao kwa haraka.

"Sikiliza," alisema mama mkwe, mikono bado kwenye usukani. "Humu ndani mimi si mkweo. Mlango huu ukifungwa, mimi ni mwanafunzi, na huna adabu. Ukifunguliwa, nakuwa mama tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Usiniite Mama."

"Weka rivasi," alisema Breki. "Kanyaga klachi mpaka chini. Chini, nimesema. Unabembeleza nini, mtoto? Na maua hayo usiyatazame, yameshakufa."

Mama mkwe alirudi nyuma barabarani vizuri kabisa.

Kuanzia siku hiyo walitoka kila asubuhi baada ya watoto kwenda shule. Breki alifoka kama kawaida yake, na mama mkwe alifanya alivyoambiwa. Lakini ruhusa ile ilikuwa ya pande mbili, jambo ambalo Breki hakulifikiria. Wiki ya pili, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu, mama mkwe alisema, akitazama mbele, "Binti yako anakuogopa kuliko anavyokusikiliza."

Breki alikuwa tayari kukasirika, ila taa ikawaka kijani na ilibidi aangalie barabara.

Walipovuka alisema, "Na wewe unampa Kitinda peremende kabla ya chakula, halafu mimi ninayemnyima naonekana katili."

"Kweli. Napenda akinipenda."

"Indiketa."

"Nimeshaweka."

"Umeweka ya kushoto. Tunakwenda kulia."

Hivyo ndivyo walivyofahamiana, wakikwepa baiskeli na kusubiri malori. Breki alisimuliwa kwamba marehemu baba mkwe alikuwa mtu mwema aliyependa kila kitu kifanyike kwa njia yake, hata chai kukorogwa kwa kuzungusha kijiko upande mmoja. Mama mkwe alisimuliwa kwamba Breki aliwahi kuitwa na shule kubwa ya udereva katika mji mkuu, akakataa, kwa sababu kule angefundisha watu asiowaona tena, na hapa anaona kwa macho yake nani anakumbuka kuangalia kioo. Pia kwa sababu kule Kitinda angekuwa anaamka giza kwenda shule. Hakuwa amemwambia mumewe kwamba aliitwa. Mama mkwe alisikiliza, akabadilisha gia. Wakifika nyumbani walifungua milango, Breki akasema "Karibu ndani, Mama," na mambo yakarudi kuwa shikamoo na mvua.

Mtihani wa pili mama mkwe aliuacha katikati mwenyewe, akasema tumbo linamsumbua, na Breki hakuuliza. Wa tatu alifaulu. Aliegesha kwa rivasi katikati ya koni kama mtu anayeingiza mkate kwenye oveni. Mkaguzi alimpa mkono. Taratibu, aliyekuwapo na wanafunzi wake, alipiga makofi ya taratibu.

Usiku huo kulikuwa na kuku mezani, na soda kwa watoto. Mume alikuwa amenunua kishikio cha funguo chenye picha ya ua, akampa mama yake kwa aibu kidogo. Mama alikishukuru, akakiweka kando ya sahani, akafuta vidole.

"Mwisho wa mwezi nitarudi kwangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kitinda aliuliza kama anakwenda kuchukua kitu.

"Mama, nani amekukosea?" alisema mume.

"Hakuna. Mngenikosea ingekuwa rahisi, ningebaki hapa nikanuna." Alimtazama mwanawe, kisha Breki. "Nilitoka kwa baba yangu nikaingia kwa baba yenu. Nikatoka kwake nikaingia kwenu. Sijawahi kuamka kwenye nyumba ambayo mimi ndiye ninayesema leo tunakula saa ngapi. Kilichokuwa kinanizuia ni kimoja tu. Nikiumwa, au hawa wakinihitaji, nikae nimsubiri mtu aje kunifuata. Sasa gari lipo na leseni ipo. Ni ng'ambo ya reli tu."

Mume alitoka nje akasimama uani kwa muda mrefu. Breki alikusanya vyombo. Alijisikia kama mtu aliyesaidia kubeba sanduku mpaka kituoni, kisha akagundua kwamba ndani yake zimo nguo zake mwenyewe. Alifikiri nani atampokea Kitinda, nani atakuwapo binti akirudi, na chakula cha mchana. Alijua kwamba mawazo hayo yote yalikuwa ya kazi, na kwamba chini yake kulikuwa na lingine ambalo hakutaka kuligusa sasa.

Asubuhi yake walikwenda pamoja sokoni, mama mkwe akiendesha. Mlango ulipofungwa Breki aliuliza.

"Ulikuwa umepanga tangu mwanzo?"

"Tangu wiki niliyohamia."

"Na ukaniacha nikufundishe."

"Kwa hiyo ulitaka nifundishwe vibaya?"

Breki aligeukia dirisha. Walipita mbele ya duka la muuza nyama, ambaye safari hii aliangalia usukani, akabaki na kisu hewani.

"Utanikumbuka," alisema mama mkwe. "Na mimi nitakukumbuka. Lakini ningekaa kwako miaka kumi tusingeongea tulivyoongea humu."

"Uko karibu mno na lori hilo."

"Naliona."

Fundi alilifufua gari la marehemu, la rangi ya kahawia, na mama mkwe akahama nalo mwenyewe, begi lile lile kiti cha nyuma. Mumewe Breki alikwenda naye, mara ya kwanza kukaa kando ya mama yake akiendesha. Aliporudi kwa basi alisema tu kwamba madirisha ya kule yalikuwa magumu kufungua.

Mipango mipya ilichukua muda kukaa sawa. Binti alipewa ufunguo wake, akachoma sufuria moja, kisha akajifunza. Mume alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo nyumbani mchana mara mbili kwa juma. Chakula cha mchana kilirudi kuwa mkate na chochote kilichobaki. Siku za katikati ya wiki bibi alimchukua Kitinda shuleni na kumrudisha jioni, ameshiba, na mara nyingi ana peremende mfukoni. Wakati mwingine Breki na mama mkwe walikutana mlangoni wakasalimiana. Mara chache, mama mkwe alisema tairi lina sauti, akamwomba aje asikilize, na wakazunguka mtaa mara mbili, milango imefungwa. Tairi halikuwa na kitu.

Mvua zilipokwisha, mama mkwe alipiga simu kusema kwamba Alhamisi hatakuja. Anakwenda kumwona dada yake katika mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari, atalala huko. Breki aliuliza kama ameangalia maji ya rejeta. Alikuwa ameangalia. Breki akaahirisha somo la mwanafunzi wa mchana na kwenda shuleni mwenyewe kwa miguu, gari akiwa ameliacha kwa fundi.

Hakuwa amesimama kwenye lango lile kwa muda mrefu. Wazazi wengi aliwajua kwa namna wanavyoshika usukani, si kwa majina. Kitinda alitoka na wenzake, akatazama kulia na kushoto akitafuta gari la kahawia, kisha akamwona mama yake.

"Bibi yuko wapi?"

"Amesafiri. Tunakwenda kwa miguu leo."

Mtoto alimpa begi, akaanza kutembea upande usio wa nyumbani. Breki alimwita.

"Bibi hupita huku," alisema Kitinda. "Tunaegesha pale kwenye reli, tunangoja treni ya mizigo. Bibi anahesabu mabehewa mpaka anakosea."

"Kila siku?"

"Siku zetu."

Breki alitazama saa, akampigia simu fundi kumwambia atachelewa. Walikwenda mpaka kwenye reli, wakasimama mbali kidogo na kizuizi, pale ambapo magurudumu yalikuwa yameacha alama mbili kwenye majani. Treni haikuja. Kitinda alisema siku nyingine huwa inachelewa, akakaa juu ya begi lake, na mama yake akachuchumaa pembeni.